Mstari wa Chini

Ukumbi wa mji, Vermont. Theluji ya kwanza mlangoni.
Tunahesabu kura kwa mkono, mimi na Odile Lacasse:
yeye anasoma, mimi nachora vijiti, vitano vitano.

Unaibu gavana, tuseme kweli, ni kiti cha kungoja:
kugonga nyundo ndogo katika seneti,
kuvunja sare, ikitokea,
na kila asubuhi kuuliza gavana ameamkaje.
Wengi wameuruka mstari huo.
Wino uliishia kwa wakubwa.

Mara Odile kanyamaza. Kanigeuzia karatasi.
Rais, hakuna alama. Gavana, hakuna.
Chini tu, kiduara kimoja kimekolezwa
nusura karatasi itoboke:
Thaddeus Pruitt, muuza mbao.
Na pembeni, kwa mkono unaotetemeka:
“Alinivutia gari matopeni mwezi Machi.
Hakuniuliza chama.”

Mwandiko tuliujua. Hatukutazamana.
“Imeharibika?” akauliza.
“Soma,” nikamwambia.

Pruitt alishindwa, tena vibaya.
Redio haikumtaja hata kwa bahati mbaya.
Nilipokuwa nakunja daftari niliona kijiti kimoja
nje ya mafungu ya tano,
kimesimama.