Pigo la Kasereka

Naandika kwenye kaye ya mistari midogo,
biki inakohoa kwa baridi ya asubuhi.
Majengo, Goma, uwanja wa mawe meusi.
Gongo tumelichonga kwa mti wa chukudu iliyovunjika;
besi ya kwanza kidumu, ya pili kandambili,
ya tatu jiwe ambalo hakuna aliyeweza kuling'oa
tangu volkano ilipoliketisha hapo.

Saa nne na dakika kumi.
Nzigire anarusha, Kasereka anapiga,
na mpira unadunda mara moja, mbili,
unaingia kwenye ufa wa lava
kama panya anayejua kwake.

Byamungu amelala kifudifudi, mkono mpaka begani:
"Naugusa! Una joto!"
Kasereka anakimbia, anafika nyumbani.
Hakuna aliyesema simama,
basi anaendelea.
Mzunguko wa tatu anacheka, wa sita anatema mate,
wa tisa anakimbia kama mtu anayedaiwa.
Mama muuza sambaza ameacha chenji ya watu,
anahesabu yeye.

Kumi na moja.
Kisha magoti yakakataa,
akaketi juu ya lile jiwe la tatu.

Wenye mchezo wana vitabu vyao ng'ambo, vinene.
Mimi nimeandika: pigo moja, mbio kumi na moja.
Mpira: haujatoka.
Wino uliishia hapo, nikamalizia kwa makala.

Penye jina la aliyeudaka nimeacha nafasi.
Nyiragongo ni jina refu.
Nafasi inatosha.