Pembamba

Sanga ananivutia kamba ya nailoni,
anaikanyaga, anaikaza kwa kiuno chote:
"Hii, saisi, unafungia meli. Haikatiki."
Nasema, nataka inayokatika.
Duka zima la Mtaa wa Sikukuu linageuka.
Mchukuzi mwenye boksi la misumari begani
anasimama mlangoni asikie vizuri.

Inayokatika, Sanga. Lakini si ovyo,
si kwa kila inzi anayetua shavuni.
Ikatike siku ile tu
mnyama wa kilo mia nne na ushei
atakaposahau kwamba ananifahamu.

Anafikiri. Ananipimia katani,
ile nyembamba ya kushonea magunia,
na pesa yangu anairudisha:
"Hii siuzi. Hii nafungia tu mizigo."

Sikumsimulia habari za Tarishi.

Masika, bandani Mbweni, saa tatu usiku,
transfoma ya barabarani ikalipuka
na mabati yote yakaitikia.
Nilikuwa nimemfunga mwenyewe,
mafundo matatu, kwa upendo.
Akavuta. Akavuta tena.
Fundo likameza fundo, likawa jiwe.
Kisu kilikuwa jikoni, juu ya vitunguu.
Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi;
nilizihesabu baadaye, mchana, pasipo haja.
Na katikati ya hatua hizo shingo yake
ilitoa sauti ninayoisikia hadi leo
kila mtu anapovunja muwa.

Sasa namfundisha Chande, kijana wa Bunju,
vidole vyake vyepesi, vimezoea simu.
Kitanzi cha katani kwanza, kwenye pete ya chuma.
Kamba usiifunge kwenye pete. Kwenye kitanzi.
Fupi, asije akaitia mguu;
si fupi mno, naye ana haki ya kupiga mwayo.
Pitisha. Kunja. Ingiza mkunjo,
mkunjo, Chande, si ncha!
Mkia wa kamba uning'inie upande wako,
uvute mara moja, yote yaishe.
Na usiizungushe mkononi hata kwa utani.
Ukitaka sababu muulize Mwinchumu
akuhesabie vidole vyake. Ataishia nane.

Zumari, jike la kijivu, ameshatujua.
Anauvuta mkia ule kwa meno.
Wiki hii mara mbili tumemkuta ng'ambo ya ua
akimaliza maua ya jirani, mama Kisanga,
bila haraka, kama aliyealikwa.
Chande anataka tuongeze fundo la pili.
Nasema hapana. Maua nitayalipa mimi.

Waliosema kamba hukatikia pembamba
nadhani walikuwa wakimhurumia mnyonge.
Mimi pembamba hapo napatafuta,
napapima kwa kidole gumba na cha shahada,
napatundika ukutani, usawa wa kifua cha farasi.

Jana alasiri lori la kokoto lilifungua tela nje ya geti.
Zumari akarudi nyuma kwa uzito wake wote,
macho meupe, kwato zikichimba.

Tak.

Sauti ndogo, kama fundi cherehani
aliyeng'ata uzi.
Akaenda hatua tano, sita. Akasimama.
Akatutazama, kisha akatazama majani,
akachagua majani.

Chande akaja na vipande viwili kiganjani,
uso umemshuka:
"Imekatika, bosi."

Ndiyo. Lete nyingine.