Alhamisi ya Mafuta

Wiki kumi na moja, Bogumiła,
za bitiruti za kuchemsha,
za chai isiyo sukari,
za kukata mkate kwa jicho la sonara.
Mizani ikakulipa kidogo kidogo: kilo sita na nusu.
Kisha Łódź ikaamkia Alhamisi ya Mafuta.

Foleni imepinda kona ya duka la mikate,
theluji inawatua watu mabegani,
na harufu ya maandazi yaliyojaa jamu ya waridi
inapenya skafu, inapenya nia.
Zbyszko, fundi mwenzako wa karakana ya tramu,
anakunyooshea boksi: “Kwani mwaka una siku ngapi?”
Ukala moja.
Ukala la pili ukicheka.
La tatu hukulihesabu.
La nne ndilo lililokula, si wewe.

Ijumaa alfajiri, miguu mitupu juu ya kioo:
kilo moja na robo imerudi
kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Ulitaka kuitupa mizani dirishani.
Ulitaka, mbaya zaidi, kusema: basi,
maji yaliyomwagika hayazoleki, lete boksi lingine.

Lakini mengi ya hayo ni maji kweli, dada,
chumvi na sukari zimeyashika mkono yasiondoke.
Jumatatu yatakuwa yameshaaga.
Mimi siiogopi Alhamisi.
Naiogopa Ijumaa inayovaa koti la Alhamisi,
na Jumamosi inayokuja kuliazima.

Wewe umeshachukua sufuria.
Bitiruti tatu, maji, kifuniko.
Pembeni mwa mdomo, unga wa sukari bado upo;
hujaufuta,
nami sikuambii.