Jaribio la Tatu

Ubao bado uko pale chuoni, juu ya mlango wa chumba cha mizigo:
AASEN V., kuruka kwa upondo, mita tano na sentimita kumi na mbili, 1984.
Hakuna aliyeivunja rekodi hiyo.
Si kwamba nilikuwa ndege.
Mwaka uliofuata chuo kilifuta mchezo, pesa zikaenda kwenye hoki.

Siku hizi naendesha mashine ya kulainisha barafu
katika uwanja wa watoto, Duluth,
duara baada ya duara, mwendo wa konokono,
mimi niliyekimbia hatua kumi na nane
na fimbo ndefu kuliko nyumba ya baba yangu.
Goti la kushoto hutabiri theluji kuliko redio.

Wewe uko kila mahali.
Ubavuni mwa basi namba sita, jino moja la urefu wa mkono wangu.
Kwenye boksi la nafaka za asubuhi, ukikonyeza.
Binti wa kaunta amevaa uso wako kifuani,
na chini yake lile jina walilokukatia
kama nguo ya mtu mwingine: Vey Lorne.
Aliniuliza kama naifuata ile tamthilia.
Nikasema sina televisheni.
Ninazo mbili.

Solveig.
Mara ya mwisho kulitamka kwa sauti ilikuwa Machi.
Nililiambia friji.

Mchungaji alinishika bega, akasema damu ni nzito kuliko maji.
Hapa maji huganda hadi lori likapita juu yake.
Asinieleze mimi uzito wa maji.

Ulikuwa na miaka kumi na minne.
Ukumbi wa baridi, harufu ya chaki na raba.
Ulitua vibaya, mguu mmoja nje ya godoro,
nikasikia kitu kidogo, kama penseli ikivunjika.
Ukanitazama. Hukulia.
Nami nikatazama saa.
Nikasema: Mara moja zaidi.

Na ukaruka.
Hilo ndilo linaloniamsha. Si kwamba nilisema,
bali kwamba ulinyanyuka, ukaushika upondo, ukaruka,
na mimi, Mungu anajua, nikafurahia kimo.

Mama yako alikuja kukuchukua, injini hakuizima.

Mwezi uliopita mtangazaji alikuuliza
nani alikufundisha kutoogopa kuanguka.
Ukafikiri kidogo, ukasema: "Godoro."
Watu wakaangua kicheko.
Nilikisogelea kioo hadi uso wako ukawa vidoti.
Lilikuwa la buluu, lile godoro.
Kona iliyopasuka niliishona mwenyewe
kwa uzi wa kuvulia samaki, usiku kucha, ukiwa umelala juu yake.
Hukuyasema hayo. Huenda hukuyajua.

Nimekupigia mara mbili.
Ya kwanza, namba ilikuwa ya fundi bomba wa Fresno, mtu mpole,
tuliongea dakika ishirini kuhusu vali.
Ya pili alipokea kijana, akauliza natoka gazeti gani.
Kwenye karatasi ya mwamuzi hizo ni X mbili.

Lakini iko sheria, labda unaikumbuka.
Aliyekosa mara mbili anaruhusiwa kupita,
akalibeba jaribio lililobaki
hadi kimo kinachofuata.
Upau unapandishwa. Nafasi ni ile ile moja.
Hufanya hivyo majasiri, na wapumbavu pia;
kocha wangu alikataa kuniambia mimi ni yupi.

Saa nne usiku. Watoto wameshakwenda.
Barafu mpya inafuka moshi.
Kuna aliyesahau glovu moja, ndogo, benchi la wageni;
nimeiweka juu ya hita.
Simu iko ofisini, ukutani.
Kutoka kwenye mashine nahesabu hatua, kama zamani, mguu wa kushoto ukitangulia.

Nafika kumi na saba.