Kompyuta ya Tatu

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa tano kasorobo,
na kompyuta ya tatu, ile ya dirishani,
ikaamka ikidhani ni mwaka elfu mbili na tisa.
Sikujua. Nilikuwa nadurufu vyeti vya watu wa Pasua.

Bi Apaikunda akaketi. Akavua kofia ya sufi,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye nywila.
Nikageuza uso.
Hilo nimejifunza katika duka hili la Kiusa:
mtu akiandika nywila, tazama mlima,
hata kama mlima umejifunika.

"Mwanangu," akaita, "imekuwa nyekundu."

Kioo kizima, kama jicho la aliyekesha matangani.
*Muunganisho wako si wa faragha.*
*Huenda wezi wanajaribu kuiba taarifa zako.*
Na chini kabisa, kwa herufi zenye aibu:
*endelea hata hivyo.*

"Wezi gani?" Akakumbatia mkoba.
Proches, kutoka kiti cha pili, bila kuinua kichwa:
"Bonyeza tu, mama. Huwa inapita."

Huwa inapita. Ndivyo alivyosema
fundi aliyenitengenezea breki za baiskeli.

Nikavuta kigoda. Mama, nikasema,
ukisikia hodi usiku hukimbilii komeo.
Unauliza, nani?
Na anayejibu "mimi" hajajibu.
Tovuti nayo huja na cheti mkononi;
kivinjari husoma jina, husoma tarehe,
kikitilia shaka hubweka kama mbwa wa jirani,
kwa mwizi, kwa katekista, kwa yeyote.
Leo huenda ni katekista.
Lakini mbwa ukimzoesha mawe kila akibweka,
mwizi atakuja siku amenyamaza.

Ndipo nikaiona saa, pembeni chini:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Cheti hakikuwa na kosa.
Kwa saa ile, kilikuwa bado hakijaandikwa.

Bi Apaikunda akaitazama tarehe.
"Mwaka huo," akasema,
"baba Aikande alikuwa bado anapogoa kahawa."

Sikuharakisha kuirekebisha.

Kisha nikairekebisha. Wekundu ukaondoka,
kufuli dogo likajifunga pale juu.
"Sasa ni salama?"
Njia ni salama, mama.
Kufuli hilo ni gundi ya bahasha:
kondakta wa basi hataifungua njiani.
Anayeipokea kule ni nani, moyo wake ukoje,
gundi haijui.
Hata tapeli hufunga bahasha zake vizuri.

Akaandika kwa kidole kimoja, nusu saa,
kwenda Muscat, kwa Aikande.
Alicheka mara moja.
Mara moja alivua miwani akaifuta,
na miwani haikuwa na vumbi.
Akalipa mia tano, akasahau chenji, akaenda.

Na mazungumzo akayaacha wazi.

Kiti bado kina joto, Proches ameshainuka
kuhamia dirishani kwenye mwanga,
na kufuli pale juu limefungwa, imara kabisa,
linalinda barabara yote hadi Uarabuni
huku barua imelala mezani, uso juu.

Niliwahi mimi.
Mkono ulitafuta *Ondoka*,
lakini macho hayana pazia:
nilisoma mstari mmoja, wa Aikande,
maneno sita.
Nikaondoka kwenye akaunti yake, nikafuta historia,
nikamwambia Proches, kaa.

Kesho yake nilinunua betri, ile ya duara kama sarafu.
Kompyuta ya tatu sasa inajua tuko mwaka gani,
hata umeme ukatike mara ngapi.
Kibandiko nimekiweka juu ya kioo: UMETOKA?
Watu hudhani nawafukuza.

Alhamisi Bi Apaikunda alirudi.
Nikampa chenji yake.
"Aikande hajambo?"
"Hajambo kabisa," akasema, akikunjua karatasi.

Maneno sita.
Nikatazama mlima.