Kopo la Pili

Mbwa wetu anaitwa Watasema.
Alipewa jina na baba watoto, kabla hajaenda Chunya
kuchimba dhahabu. Mwaka wa pili huu, simu haipatikani,
na Watasema bado anainuka
kila pikipiki ikikata kona kuja kwetu.

Zamani chakula chake hakikuwa na hesabu.
Ukoko wa sufuria, maji ya dagaa,
mfupa siku ya Pasaka.
Mwaka huu debe la mahindi limepanda
kama limeonyeshwa njia ya Loleza,
na ukoko una wenyewe:
Ipyana anaukwangua kwa kijiko,
Tusekile analamba mwiko,
mbwa amekaa mlangoni
anasikiliza sufuria ikiwa safi kabla sijaiosha.

"Mfukuze," akasema Mama Atupele. "Mbwa si ndugu."
Kweli, si ndugu.
Ndugu walikuja msiba wa mama,
wakala, wakaondoka na sahani.
Aliyelala nje na baridi ya Juni hapa Uyole,
umande umemgandia mgongoni kama chumvi,
akabweka mpaka waliokuja kumfungua nguruwe
wakarudi walikotoka,
hakuwa mjomba.

Siku ya chanjo
bwana mifugo alimpitishia kidole mbavuni,
moja, mbili, tatu, kama anayesoma.
Nikasubiri aniulize: na shida zote hizi, mbwa wa nini?
Akauliza, "Anakula kiasi gani?"
Nikakosa jibu.
"Nenda Alhamisi," akasema, "mashineni kwa Anyosisye.
Mlango wa nyuma."

Nilikwenda nimejitanda kitenge hadi puani
kama mtu anayekwenda kukopa pombe.
Kumbe foleni ipo.
Muuza mkaa na mfuko wa rambo,
binti wa saluni na paka wake kapuni,
na Mwalimu Mwaisumo, aliyemfundisha Ipyana kuhesabu,
ameshika kopo la rangi, anatazama ukuta.
Tukasalimiana kama watu waliobanwa na mvua kwenye kibaraza kimoja.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake ametokea wapi.

Anyosisye, mweupe wa unga hadi kwenye kope,
alipima kopo moja la pumba,
juu yake konzi ya vichwa vya dagaa,
akaandika daftarini:
Mama Ipyana. Mbwa mmoja.

Hili nalisema hapa kwa kuwa karatasi haina macho.
Usiku, watoto wamelala,
nilizichekecha zile pumba.
Chini ukaanguka unga, kidogo, wa kijivujivu,
kiganja na nusu.
Asubuhi wakanywa uji.
Watasema akala yaliyobaki juu ya chekecheke,
akanitazama, akatikisa mkia.
Si ungenibwekea tu?
Ungenibwekea ningeelewa.

Alhamisi ya pili nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga.
Mashine inanguruma, foleni nyuma yangu,
Anyosisye akauliza bila kuinua kichwa,
"Zile pumba zilimfaa?"
"Zilifaa," nikasema. "Wakanywa, wakamaliza."

Wakanywa.
Nililisikia neno likitoka
na sikuwa na mkono wa kulirudisha.
Mwalimu akakohoa.
Muuza mkaa akaanza kufunga kamba ya kiatu
ambacho hakikuwa na kamba.

Anyosisye akapima kopo la pumba, polepole,
akaweka dagaa.
Kisha akageukia gunia jingine,
lile la dona, lililo karibu na kiti chake,
akachota kopo la pili,
akalisawazisha kwa kiganja,
akalifunga peke yake kwenye gazeti.
Sikusema asante. Koo lilikuwa limejaa.
Akalamba ncha ya penseli,
akafuta alichoandika wiki iliyopita,
akaandika upya, kwa herufi kubwa
kama anayemwandikia mkaguzi:
Mama Ipyana. Mbwa wawili.

Nikatoka nje.
Watasema alikuwa ananisubiri chini ya ukuta,
peke yake,
mmoja.