Kamera Isiyokohoa

Ile kubwa niliiuza Ahero, kwa mpiga picha wa harusi,
pamoja na lenzi yake ndefu kama mkono wa mdai.
Siilaumu. Ilinilisha miaka sita:
keki, shela, wakwe waliopangwa kwa urefu.
Lakini nikiingia nayo Kibuye siku ya Jumapili
soko zima lilinyoosha kola.
Mshona viatu alificha kidole chenye plasta.
Wauza mitumba walinyamaza katikati ya bei.
Kuna aliyeniuliza, "Wewe ni wa kanjo, ama wa gazeti?"
na mwingine, bila kuuliza, akafungasha nyanya zake.

Nilitaka kitu kingine.
Nilitaka Kibuye inayojikuna.

Simu? Nilijaribu simu mwezi mzima.
Simu haimtishi mtu, hilo nakubali;
lakini jua la saa saba likipiga kioo chake
nauona uso wangu tu, nimekunja ndita,
na nikishakifuta kwa kiganja
yule mtoto aliyekuwa amelala juu ya viazi ameshaamka,
na ujumbe umeingia: salio lako halitoshi.

Ndipo nikaenda kwa Hansaben,
studio iliyo nyuma ya duka la vitambaa,
inayofungwa kidogo kidogo tangu mumewe afariki.
Ukutani bado kuna lile pazia lenye maporomoko ya maji
ambalo nusu ya Kisumu imewahi kusimama mbele yake, mkono kiunoni.
Akanipangia kamera kwenye kaunta
kama mtu anayegawa karata,
akazima redio.
"Usitazame. Sikiliza."

Ya kwanza ilibamiza kama mlango wa stoo.
Ya pili ilikohoa.
Ya tatu, ya kisasa, yenye kijitaa chekundu,
ililia kama kifaranga kila ilipopata sura ya mtu.
Ya nne ilikuwa nyeusi, imechubuka pembeni hadi shaba ikaonekana,
inakaa kiganjani kama sabuni iliyotumika nusu.
Haina zumu. Haijui kulenga yenyewe.
Picha thelathini na sita, umemaliza,
na filamu uagize Nairobi, usubiri basi la usiku.
Nikaiweka sikioni, nikabonyeza.
Nch.
Kama shangazi akikataa chai ya pili.
"Hiyo," Hansaben akasema, "mume wangu hakuwahi kuitumia kazini.
Alitoka nayo akienda kununua maziwa."

Bei sitaitaja; mke wangu anasoma.

Wiki ya kwanza nilijifunza hatua.
Hatua tatu kutoka meza ya samaki: hapo ndipo pete ya lenzi hukaa,
nimeifunga kwa utepe isisogee.
Mwanga nausoma kwa ngozi ya mkono.
Kamera kifuani, macho kwenye bei ya omena,
kidole kinafanya kazi yake kama kidole cha mwizi,
na neno hilo, mwizi, halikunitoka kwa siku kadhaa.

Kwa sababu Perez Adikinyi, mkaanga samaki,
alisikia. Katika kelele zote zile, mafuta yakichemka,
spika ya muuza dawa ya panya ikitangaza vifo,
alisikia nch.
Hakugeuka. "Umechukua nini hapo?"
Nikasema, "Wewe, ukipuliza moto."
"Basi urudishe."

Jumapili iliyofuata nikamrudishia, imesafishwa, ukubwa wa daftari.
Alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.
Mashavu yamejaa pumzi, jicho moja limefumbwa kwa moshi,
kitambaa cha kichwa kimeteleza.
Nilisubiri anitukane.
Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
Nyumbani ana picha saba, alisema, zote mbele ya yale maporomoko,
na katika zote saba ni yeye.
"Huyu ni mamangu," akasema.
"Hata sikujua ninaye."

Kisha akaiingiza chini ya mfuko wa unga, palipo pakavu,
akanifungia ngege mmoja kwenye gazeti
na kunidai pesa yote, bila kupunguza shilingi.